Nani Aliwatuma?

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa nimekaa ukingoni mwa Sunken Car Park, pale katikati ya jiji, nikifunga kamba za viatu vya magurudumu ambavyo si vyangu. Siku za wiki Sunken ni maegesho ya magari. Jumapili magari yakipungua, vijana wanaichukua. Kuna wanaokuja kujifunza kusimama tu, kuna wanaokuja kuringa, kuna wanaokuja kupigwa picha. Na kwenye kona moja siku hiyo kulikuwa na kikundi kinacheza hoki: magoli mawili ya mabomba, fimbo zilizofungwa tepu mara nyingi hadi huwezi kujua zilikuwa za rangi gani, na kisahani cha plastiki kinachokwaruza simiti kama kijiko kinachokwangua ukoko.

Aliyeniazima viatu ni rafiki yangu tangu shule ya upili. Alikuwa amevaa jezi mpya, nyekundu yenye mistari ya kijani na nyeusi, na mgongoni imeandikwa KENYA kwa herufi kubwa. Mlinzi wa jengo la karibu, mzee wa watu anayetujua kwa sura, akamwita.

"Kijana, hiyo jezi ulipewa na nani?"

"Tulichapisha wenyewe, mzee. River Road. Mia nane kila mtu."

"Kwa hivyo nyinyi si timu ya Kenya."

"Ni sisi, mzee. Kama kuna wengine, hatujawaona."

Mzee akacheka, na hakucheka kwa ubaya. "Sawa. Lakini nani aliwatuma?"

Rafiki yangu akafikiria kidogo, akasema, "Hakuna," akarudi kucheza.

Yeye swali lilimtoka hapo hapo. Mimi nililibeba hadi kwenye matatu, nikalala nalo, na hadi leo bado ninalo. Kuna sababu. Mimi katika maisha yangu nimewahi kutumwa, tena na watu wengi, kwa majina na kwa maandishi. Nitafika hapo. Kwanza tuongee kuhusu hoki.

Najua wengi wetu tukisikia hoki tunafikiria City Park na wanafunzi walioinama na fimbo zao. Hii ni nyingine. Hoki ya magurudumu ni ndugu mdogo wa hoki ya barafu. Unavaa viatu ambavyo magurudumu yake yamepangwa mstari mmoja, moja nyuma ya lingine. Kila upande una wachezaji wanne na kipa. Mnafukuza kisahani badala ya mpira. Kwenye barafu, kumvamia mwenzako kwa mwili ni sehemu ya mchezo. Kwenye magurudumu ni kosa na refa anakutoa nje. Ni mchezo wa kasi na ujanja, na uzuri wake kwa watu kama sisi ni kwamba hauhitaji baridi. Unahitaji sakafu tu.

Sasa, mchezo huu umekuwa na ubingwa wa dunia tangu miaka ya tisini. Shida ni kwamba ulikuwa nao mara mbili. Shirikisho la michezo ya magurudumu, FIRS, lilianza lake mwaka 1995, Chicago. Mwaka uliofuata, 1996, shirikisho la hoki ya barafu, IIHF, nalo likaanza lake huko huko Marekani. Kwa miaka ishirini hivi kulikuwa na mabingwa wawili wa dunia wa mchezo mmoja. Medali mbili za dhahabu, nyimbo za taifa mara mbili. Nchi moja ingeweza kuwa na timu ya taifa huku na timu nyingine ya taifa kule, zote zimevaa bendera, zote zikiapa kwamba ndizo zenyewe.

Halafu mmoja akafunga duka. Mashindano ya mwisho ya IIHF ya magurudumu yalichezwa Bratislava, Slovakia, mwaka 2017, na mwaka 2019 shirikisho likatangaza kwamba halitasimamia tena hoki ya magurudumu. Yule mwingine, FIRS, aliungana na shirikisho la skeitibodi mwaka 2017 wakawa World Skate, na mpaka leo ndio walio na ubingwa.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya ofisi, yanatuhusu nini? Yanahusu lile swali la mlinzi. Kwa sababu jibu la kwanza linalokuja kichwani ukiulizwa timu ya taifa ni nini, ni hili: ni ile inayotambuliwa. Kuna shirikisho la nchi, juu yake kuna shirikisho la dunia, kuna barua, kuna muhuri. Ukiwa na muhuri wewe ni Kenya. Ukikosa, wewe ni watu waliovaa nguo za rangi moja.

Ichukue Namibia. Nchi ya watu karibu milioni tatu, Jangwa la Namib upande mmoja na Kalahari upande mwingine. Waliingia IIHF mwaka 1998, shirikisho la hoki ya barafu, na uanachama wao ulikuwa wa daraja la pekee kabisa: daraja la nchi zinazocheza hoki ya magurudumu peke yake. Shirikisho la barafu lilikuwa limewatengenezea watu wa jangwani mlango wao mdogo wa pembeni, na wakaupitia. Kuna mtu aliyeamka alfajiri Windhoek au Swakopmund akafunga viatu, akafanya mazoezi, akaota siku atasimama mbele ya bendera yake. Halafu watu wakakaa kwenye mkutano, makao yao yako Zurich, wakaamua kwamba magurudumu basi. Mlango ukafungwa.

Je, yule mtu wa Swakopmund aliacha kuwa timu ya taifa siku hiyo? Na je, siku zile alipokuwa timu ya taifa, aliifanya awe hivyo barua ya Zurich? Mimi naona hapana. Muhuri unafungua mlango wa mashindano, na hilo si dogo. Bila muhuri huchezi na yeyote. Lakini kama muhuri ndio unaokufanya uwe wa nchi yako, basi uhusiano wako na watu wako uko kwenye droo ya mtu ambaye hawajui. Sikubali.

Jibu la pili: timu ya taifa ni ile iliyochaguliwa. Hili sisi Wakenya tunalielewa kuliko watu wengi, kwa sababu ya riadha. Kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kupenya majaribio ya Kenya kumewahi kuwa kazi ngumu kuliko fainali yenyewe. Ukiona mtu amevaa ile jezi, unajua nyuma yake kuna kundi la watu ambao wangekuwa mabingwa kwingineko na wamebaki nyumbani wakiangalia kwa TV. Ametolewa katikati ya wengi. Lakini hata hapo kuna mwiba. Mwaka 2003, Paris, bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo alikuwa kijana wetu aliyezaliwa Stephen Cherono, akikimbia kwa jina la Saif Saaeed Shaheen na bendera ya Qatar. Uwezo alikuwa nao, miguu ilikuwa ya hapa, na nchi ikawa nyingine. Kuwa bora katikati ya watu wako na kuwawakilisha ni vitu viwili.

Na kwa hoki, hilo jibu halifiki popote. Utachagua nani katikati ya nani? Pale Sunken siku ile walikuwa kumi na moja. Ukitoa wawili ambao hawajajua kusimama breki, unabaki na timu moja na wa akiba wanne.

Jibu la tatu: timu ya taifa ni ile ambayo taifa linaiangalia. Ile wananchi wanakaa pamoja, wanapiga kelele, wanaumia ikifungwa. Hili ndilo jibu ninalolipenda zaidi na ndilo linaloniangusha haraka zaidi. Mwaka 2013 Nairobi iliandaa Kombe la Dunia la roll ball, mchezo wa viatu vya magurudumu na mpira wa mkono ulioanzia Pune, India. Kombe la dunia, hapa hapa. Niulize nilikuwa wapi. Nilikuwa mtoto wa shule nikibishana kuhusu Arsenal. Na nimeuliza marafiki: kati ya tisa, mmoja tu alikuwa amewahi kusikia jina la huo mchezo. Kwa hivyo wale waliocheza walikuwa wakiwakilisha watu ambao hawakujua wanawakilishwa. Hawakuwa timu ya taifa? Walikuwa. Sisi ndio hatukuwa mashabiki wa taifa.

Basi mlinzi alikuwa ameuliza vizuri. Muhuri, uchaguzi, mashabiki: hivyo vyote ni njia za kusema "mimi nimetumwa." Ukiviondoa vyote vitatu, umebaki na mtu na jezi ya mia nane.

Kuna jibu la nne ambalo hatulisemi kwa sauti lakini ndilo linaloendesha mambo: aliyekutuma ni aliyelipa nauli.

Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, aliingia kwenye mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Alikuwa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za majira ya baridi. Alifadhiliwa na Nike na kufanyia mazoezi Finland. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika ishirini hivi nyuma ya mshindi. Mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki pale kwenye mstari akimsubiri, akamkumbatia. Picha ni nzuri, unaweza kulia. Lakini kuna waliouliza wakati ule: huyu ni mwanamichezo au ni tangazo la viatu?

Miaka ishirini baadaye likaja tena swali lile lile. Mwaka 2005 hoteli ya Panari pale Mombasa Road ilifungua uwanja wa barafu, mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki. Mwaka 2016 hivi ikazaliwa timu ya Ice Lions, na wengi wao walikuwa watoto wa magurudumu, watu wa simiti waliopanda juu ya barafu. Walikuwa na kasoro moja ambayo ukiifikiria ni ya kuchekesha na ya kusikitisha: hawakuwa na wa kucheza naye. Timu moja, nchi nzima. Walikuwa wanagawanyika nusu kwa nusu na kujifunga wenyewe. Mwaka 2018 Tim Hortons, kampuni ya mikahawa ya Canada, ikawapeleka Canada wakacheze mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wawili kati ya wachezaji wakubwa wa hoki duniani, wakavaa jezi zao wakacheza upande wa Kenya. Ilikuwa tangazo la biashara. Muhuri wa IIHF ulikuja mwaka 2024, Kenya ilipokubaliwa kuwa mwanachama.

Sasa pale 2018 ni nani aliwatuma? Si wizara. Si shirikisho la dunia. Si mimi. Ni kampuni inayouza kahawa. Nilipoona ile video mara ya kwanza nilifurahi, halafu nikaona aibu kidogo, na sikujua aibu ni ya nini. Leo naijua. Wao hawakunifanyia lolote la aibu. Aibu ilikuwa yangu, ya kuona watu wamebeba jina langu wakalipiwa nauli na mgeni, na mimi sikuwa nimewahi hata kupanda matatu ya hapo Mombasa Road kwenda kuwaona.

Ndiyo hapo ninapofika kwangu.

Mwaka niliopata nafasi ya chuo kikuu, nyumbani kulifanywa harambee. Mama alinunua daftari la kurasa 48, lile la jalada la bluu, na mwalimu mstaafu akawa anaandika. Majina sitini na moja. Kuna aliyetoa elfu tano, kuna aliyetoa hamsini. Kuna kuku watatu waliouzwa kwa mnada pale pale, mmoja akanunuliwa mara nne kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha. Mzee wa kanisa akaniwekea mkono kichwani akasema, "Huyu akifika, tumefika." Watu wakasema amina.

Kwa hivyo mimi nilikuwa na kila kitu ambacho rafiki yangu hana. Nilikuwa nimechaguliwa: kwenye darasa letu la nne mashariki nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa na muhuri: barua ya chuo. Nilikuwa na mashabiki sitini na moja, kwa majina. Nauli ililipwa na watu wangu wenyewe. Ukiniuliza nani alikutuma, nafungua daftari nakusomea.

Mwaka wa tatu nilikosa karo nikazuiwa kufanya mtihani. Hiyo ndiyo hadithi ninayosimulia, na ni ya kweli. Ambayo huwa sisimulii ni kwamba miezi miwili baadaye mjomba alituma pesa, na sikurudi. Nilikuwa nishazoea asubuhi za kuamka na kuandika. Nikalipa kodi ya nyumba, nikanunua kompyuta ya mtumba. Mjomba nikamwambia mambo yanaendelea. Mama alijua mwaka uliofuata. Wale wengine sitini sijui nani anajua nini. Nikienda nyumbani naingia usiku.

Sasa niambie. Mimi niliyetumwa sikufika. Yeye ambaye hakutumwa anakwenda kila Jumapili. Ni nani kati yetu anayewakilisha watu?

Kwa muda mrefu nilijipa jibu rahisi: yeye. Kwamba kutumwa ni mzigo wa zamani, kwamba mtu anajituma mwenyewe, kwamba hasla ndiyo bendera. Ni jibu tamu sana kwa mtu aliyekula pesa za harambee. Na ukiliangalia kwa makini linanuka. Kwa sababu nchi hii imejaa watu waliojituma wenyewe. Washa TV jioni yoyote: kuna msemaji wa vijana ambaye vijana hawajawahi kuongea naye, kuna kiongozi wa wachuuzi asiye na kibanda, kuna mtu wa mtaa ambaye mtaa ulimwona mara ya mwisho akihama. Wote wamechapisha jezi zao River Road. Wote ukiwauliza wanasema, "Ni sisi, hakuna wengine." Kama kuvaa tu jina la watu kunatosha, basi hatuna neno la kuwaambia hao.

Kwa hivyo lazima kuwe na kitu kinachomtofautisha rafiki yangu na msemaji wa vijana. Na si nia njema, kwa sababu nia hatuioni.

Nimefika mahali nikaacha kuuliza nani alikutuma, nikauliza: mtu anayekutuma huwa anakufanyia nini hasa? Anafanya mambo matatu. Anakuchagua. Anaweza kukuuliza umefikia wapi. Na anaweza kukutoa. La kwanza ndilo tunalolipigia makofi, lakini ndilo dogo. Kazi yote iko kwenye hayo mawili ya mwisho. Balozi asiyeweza kuulizwa si balozi. Mchezaji asiyeweza kutolewa kwenye timu ya taifa hachezei taifa, amelikodi.

Na hapo ndipo timu ndogo zina mtihani mgumu kuliko Harambee Stars. Mahali ambapo mko kumi na moja nchi nzima, hakuna wa kukutoa. Unaweza kuwa timu ya taifa miaka kumi kwa sababu tu ya kukosekana mwingine. Unaweza hata kuanza kuupenda uhaba huo. Mtoto mwenye kipaji akitokea, unaona kiti chako kinatikisika. Ni rahisi kumwambia viatu vimeisha, aje wiki ijayo. Ni rahisi kubaki "sisi, hakuna wengine" kwa kuhakikisha kwamba hakuna wengine.

Mtu asiyetumwa, basi, ana deni moja ambalo aliyetumwa hana. Lazima aumbe watu wa kumtoa. Lazima afundishe yule atakayechukua jezi yake, na afurahi, au angalau ajilazimishe. Siku atakapotolewa na mtu aliyemfundisha mwenyewe, siku hiyo jezi ya River Road itakuwa imekuwa jezi ya Kenya, na itakuwa hivyo hata kwa zile siku za nyuma alizoivaa peke yake. Wale Ice Lions, kitu kilichonigusa baadaye kuliko ile safari ya Canada ni kwamba wamekuwa wakifundisha watoto kwenye ile barafu yao ndogo. Muhuri wa 2024 ulikuta tayari kuna foleni.

Najua kuna pingamizi. Boit je? Alishiriki tena Olimpiki za 2002 na 2006, halafu Kenya haikuwa na mtu kwenye zile za baridi hadi 2018, na huyo aliyekuja, Sabrina Simader, alikuwa amekulia Austria. Boit hakuacha foleni. Je, hakutuwakilisha? Siwezi kusema hivyo. Theluji haianguki Eldoret, na huwezi kumdai mtu aumbe watelezaji bila theluji. Pengine kuna uwakilishi wa namna nyingine, wa kufungua njia tu na kuiacha wazi. Lakini magurudumu yanahitaji sakafu, na sakafu tunayo. Kwa hivyo sisi wa simiti hatuna kisingizio chake.

Mwezi uliopita nilirudi Sunken. Rafiki yangu alikuwa na watoto sita, wengine wamevaa viatu vikubwa vilivyojazwa soksi. Kuna msichana wa miaka kumi na mbili hivi, mwembamba, ambaye alikuwa amemnyang'anya kisahani mara tatu mfululizo. Mara ya tatu alimpitishia katikati ya miguu, akafunga, akaenda kusimama ukutani kama hakuna lililotokea. Rafiki yangu akaja akakaa karibu nami, anahema.

"Huyu akifika kumi na sita ananitoa," akasema.

"Lakini si timu ni ya wanaume?"

"Basi nitafundisha na kaka yake." Akanywa maji. "Ananiuma roho, msee. Nisikudanganye."

Ile jezi yake imefifia. Herufi ya mwisho ya KENYA imeanza kubanduka. Mlinzi alipita akaangalia watoto, akahesabu kwa kidole, hakuuliza kitu.

Usiku huo nilimpigia mama nikamwomba anipigie picha zile kurasa za daftari anitumie kwa WhatsApp. Hakuniuliza za nini. Zilifika picha tano, mwandiko wa mwalimu umenyooka kama reli. Nimesoma majina yote. Watano wameshafariki. Kwa mantiki yangu mwenyewe, mtu aliyetumwa hana kazi ya kujiumbia watu wa kumuuliza, anao tayari. Kazi yake ni kusimama mahali wanapoweza kumwona. Mimi nilikuwa nimejificha dhidi ya lile jambo la pili, la kuulizwa, nikajiita huru.

Nilianza na jina la juu kabisa, mama anayeuza mboga pale steji. Mia mbili. Nilipiga saa mbili asubuhi kabla sijabadilisha mawazo. Nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia sikumaliza, nikamwambia pesa ya kumalizia ilikuja na sikurudi. Niliyasema haraka haraka, pumzi moja.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia pikipiki zikipita upande wake.

"Mia mbili yangu naikumbuka," akasema. "Nilikuwa nimeuza sukuma wiki siku nzima. Sasa unafanya nini huko?"

"Naandika, mama."

"Unaandika nini?"

Nikamwambia kuhusu vijana wanaocheza hoki kwa viatu vya magurudumu, na jezi, na watoto.

"Wanashinda?"

"Hata hawajapata wa kucheza naye."

"Na wanaendelea tu?"

"Wanaendelea."

"Haya. Ukimaliza hiyo, uje utusomee. Uje mchana," akasema, "tukuone."

Nimemwambia Desemba. Nimebakisha hamsini na tano wa kupigia.